Msumari wa Kumi na Mbili

"Umeliweka wapi?" Libuše aliuliza kabla treni haijasimama sawasawa.

"Kwenye soksi."

"Soksi ya nani?"

"Ya Otakar."

Libuše alicheka hadi akashika kiti. "Masikini kaka yangu! Miaka mitatu yuko kaburini na bado unamfanyisha kazi."

Blažena alikuwa ameukumbatia mkoba tangu Horní Jasanka, mji wao, saa mbili na nusu za milima, theluji na vituo visivyopandwa na mtu. Ndani ya mkoba mlikuwa na soksi nene ya sufu, na ndani ya soksi tone moja la kioo, refu kama kidole cha kati, lenye nyuso nane. Alilikata mwenyewe wiki iliyopita, uso baada ya uso, kwenye gurudumu la jiwe linalozunguka huku maji yakidondoka, mpaka vidole vikafa ganzi. Libuše, wifi yake, alibeba mikate yenye nyama ya kukaanga na chupa ya chai iliyotiwa ramu kidogo. Kila mtu na mzigo wake.

Kiwanda chao kiliwahi kuwa na magurudumu sitini. Sasa yalizunguka matatu. Kabla ya Krismasi ilikuja barua kutoka Praha: mnyororo mmoja wa taa kubwa ya ukumbi wa maigizo ulikatika, matone arobaini ya duara la chini yakavunjika. Taa ingeshushwa Januari, ukumbi ukiwa umefungwa na wageni hawapo, ioshwe na kutengenezwa. Kiwanda kilete tone moja la mfano. Injinia wa ukumbi angelilinganisha na lile la mashine kutoka nje, kisha aamue. Matone arobaini yangeyalisha magurudumu matatu hadi majira ya joto. Yakikosekana, meneja alishasema, baada ya Pasaka wanazima umeme.

Alitumwa Blažena kwa sababu wote walioikata taa ile miaka thelathini na mitatu iliyopita walikuwa wamekufa, isipokuwa yeye. Na yeye hakuwahi kuiona ikining'inia.

Praha ya Januari haijipambi. Wakati wa joto hujipaka rangi na kuitikia kila anayeita. Januari hukaa kama mama wa nyumbani aliyejifunga kitambaa kichwani, hana habari na mtu. Darajani sanamu za watakatifu zilivaa kofia za theluji. Shakwe walipiga kelele juu ya mto. Mgeni mmoja tu, kijana aliyefunikwa shali hadi puani, alipiga picha za ukungu.

"Anapiga picha ya nini huyo?" Libuše alinong'ona. "Hakuonekani kitu."

"Labda ndicho alichokijia."

Mbele kidogo walipita duka la zawadi. Dirishani kulikuwa na matone ya kioo yamepangwa juu ya kitambaa chekundu, na kibao: Kioo cha kukatwa kwa mkono, kutoka milima ya kaskazini. Blažena aliinama, akatazama, akainuka.

"Kina mshono," alisema. "Kimemiminwa kwenye kalibu, hakijakatwa."

Muuzaji alikuwa mlangoni akivuta sigara. "Karibuni ndani, akina mama. Januari hii nawapunguzia."

"Mwanangu," Libuše alimwambia, akimshika Blažena kiwiko kama anayeonyesha ng'ombe wa mnadani, "mkono wenyewe ndio huu. Umeuandika dirishani na hujawahi kuuona. Haya, usalimie."

Muuzaji aliutazama ule mkono, mwekundu, wenye nyufa za maji baridi na kucha zilizolika. Akakitupa kishungi cha sigara akaingia ndani.

"Wifi, unanitia aibu."

"Aibu? Mimi ningekuwa na mkono huo ningeupigisha picha."

Blažena alitabasamu. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata Libuše hakulijua.

Horní Jasanka, kosa halitoki mjini. Mkataji akiharibu kipande hakitupi wala hakifichi. Anakwenda nacho nyumbani na kukitundika kwenye dirisha la jiko, upande wa barabara, kila apitaye akione. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Msichana akichumbiwa, wakwe hupita kwanza dirishani wakahesabu. Dirisha la Blažena lilikuwa na misumari kumi na miwili na vioo kumi na kimoja, vyote vya kabla ya kuolewa. Otakar aliipigilia yote wiki ya harusi yao, kwa kuwa Blažena alimwambia, "Piga kumi na miwili." Libuše hakuchoka kuuliza msumari ule mtupu unamngoja nani. Blažena hujibu kuwa unamngoja mwenyewe.

Kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi walikung'uta theluji, wakavua viatu, wakavaa ndara za nyumbani walizozibeba. Mlinzi aliwaonyesha njia. Na hapo, katikati ya viti vilivyofunikwa mashuka meupe, Blažena akasimama.

Taa ilikuwa imeshushwa hadi duara lake la chini likafika kimo cha mtu, kama bibi harusi aliyekalishwa asukwe nywele. Maduara matano, mamia ya matone. Mama mmoja wa makamo, Hedvika, aliyeshona jina lake kwenye aproni, aliyasugua kwa sifongo moja moja, na kila alilolimaliza liliwaka kana kwamba limeitwa jina. Blažena aliijua taa ile kwa vipande tu, vya ndani ya kreti na majani makavu. Hakujua kwamba ni kubwa hivi. Alijikuta amenyoosha mgongo.

"Nyie mlifanya hii?" Libuše aliuliza. Safari hii hakuwa na utani.

"Sisi."

Injinia Kadlec aliwasubiri mezani, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye kipimo cha chuma mfukoni mwa shati. Alilipokea tone kutoka kwenye soksi, akalipima juu, chini, kati.

"Zuri, mama. Zuri sana. Lakini mimi sitafuti moja zuri. Nataka arobaini yanayofanana." Akagonga tone la pili lililokuwa mezani. "Hili la mashine. Mashine haikosei."

"Haikosei," Blažena alikubali.

"Ninyi mnakosea. Tazama hili. Nimelikuta juzi, duara la tatu." Akafunua kitambaa kidogo. "Hebu hesabu nyuso zake."

Hakuhitaji kuhesabu. Alilijua kama mtu anavyolijua jino lake lililovunjika.

"Tisa," Injinia alisema mwenyewe. "Na karatasi za duara hilo zina sahihi ya Bohumil Šádek. Si ndiye fundi mkuu mnayemsifu kule kwenu? Hakujua kuhesabu hadi nane?"

Hedvika aliacha kusugua.

Fundi Bohumil alikuwa amekufa, hakuwa na wa kumtetea ila mkewe mzee aliyekaa ng'ambo ya barabara kutoka kwa Blažena. Dirishani kwao kulikuwa na vioo vitatu tu, vitatu kwa miaka hamsini ya kazi, na yule bibi alivifuta kila Jumamosi. Ilitosha Blažena anyamaze. Angesema tu, labda mzee alichoka, na wangeendelea na habari ya matone arobaini.

"Hilo ni langu," alisema.

Libuše alimfinya ubavuni. Alimfinya kweli.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Asubuhi ile Otakar alinisimamisha getini akaniuliza kama nitaolewa naye. Nikaingia kazini. Sisi hatuchori alama, tunagawa kwa jicho, na jicho langu siku ile lilikuwa linacheka. Nilipofika kung'arisha ndipo nikaona ni tisa. Lori lilikuwa linanguruma mlangoni na hesabu ilipungua moja. Nikalifukia katikati ya kreti. Fundi Bohumil alitia sahihi bila kufungua, kwa sababu aliniamini. Andika hivyo, Bwana Injinia. Blažena Vondrušková."

"Kwa hiyo unanithibitishia maneno yangu, mama."

"Hayo ni maneno yako. Sasa nipe na mimi nafasi ya yangu." Alivuta kiti, akaketi, akafumba macho, akaiweka mikono yake mezani, viganja juu. "Nipe matone ya lile duara. Changanya na hilo la mashine."

Injinia alisita. Hedvika hakusita, alikwishafungua matone manne, akayafuta kwa aproni na kuyaleta. Injinia akaongeza lake, akayazungusha.

Blažena alilichukua la kwanza, akalipitisha kidole gumba ukingoni taratibu.

"Fundi Bohumil. Alikuwa akifika mwisho wa uso analegeza mkono, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala." La pili. "Jarmila. Huyu alikata kwa mkono wa kushoto, ukingo wake unaegemea huku." La tatu alikaa nalo kidogo, akacheka peke yake. "Bohumil tena, lakini hii Ijumaa jioni. Anawaza bia." La nne. "Langu."

La tano aliligeuza mara moja tu.

"Hili halina mtu," alisema, akaliweka kando.

Injinia aliliokota, akatazama sehemu ya ndoano. Nukta ya wino aliyoitia mwenyewe asubuhi ilikuwapo.

"Lakini umeona, mama," alisema, na sauti haikuwa ile ya mwanzo. "Mikono mitatu, hayafanani."

"Ndivyo yalivyoning'inia hapo juu miaka thelathini na mitatu. Kuna aliyelalamika?"

"Mmoja," Hedvika alisema kutoka kwenye ndoo yake. "Alisema yanawaka mno, hawezi kusinzia mchezo ukiendelea."

Injinia alijizuia asicheke, akashindwa. Kisha akauliza arobaini yatachukua muda gani.

"Mpaka micheri ya milimani ichanue, mwezi wa tano."

"Mashine inaniletea kwa wiki mbili."

"Na mimi nilishawahi kuharakishwa na lori. Matokeo yake umeyashika mkononi. Sikatii lori tena."

Injinia alilitazama lile la nyuso tisa, akaitazama taa, akavuta karatasi na kuandika muda mrefu bila kuinua kichwa. Libuše alikaa miaka thelathini kwenye dirisha la posta na alisoma maandishi ya kichwa chini vizuri kuliko yaliyosimama. Akamwinamia wifi yake sikioni.

"Ameandika arobaini," alinong'ona. "Chini yake ameandika Jasanka. Usilie, atabadili nia."

"Silii."

"Haya, futa pua basi."

Blažena aliomba jambo moja tu: aondoke na lile la tisa, aache hili jipya mahali pake. Hedvika hakupenda. "Hilo mimi huliosha la mwisho kila Januari," alisema. "Nilidhani limewekwa makusudi." Lakini Injinia alitikisa kichwa kukubali, na Blažena akapanda ngazi na ndara zake miguuni, Libuše akishika ngazi na kumwombea kwa sauti. Alilitundika, akalibana kwa waya, akateremka. Alipogeuka kulitazama, hakulipata. Lilikuwa limeingia kati ya wenzake.

Kosa lilirudi milimani ndani ya soksi ya Otakar. Njia nzima Libuše aliitazama soksi ile, mkate wake haujaumwa. Walipokaribia nyumbani ndipo alisema, "Miaka yote hii. Na mimi nilidhani ule msumari ni wa kaka yangu, alihesabu vibaya."

"Otakar hakukosea kuhesabu. Niliyekosea ni mimi."

"Watu watauliza."

"Waulize."

Asubuhi jua lilitoka, la Januari, la chini, linaloingia hadi nyuma ya jiko. Blažena alifunga uzi mwekundu kwenye lile tone akalitundika kwenye msumari wa kumi na mbili. Madoa ya rangi yalitembea ukutani, yakapanda hadi kwenye rafu ya vikombe. Hakuyahesabu. Alijaza birika, akaliweka motoni.

Ng'ambo ya barabara mlango ulifunguka. Bibi Šádková, mke wa marehemu Bohumil, alitoka na kikapu chake kwenda kununua mkate, hatua ndogondogo juu ya theluji. Alipofika mbele ya dirisha alipunguza mwendo kama wapunguzavyo wote wa mji ule. Akasimama. Akainua kidole ndani ya glovu ya sufu na kuanza kuhesabu kutoka kushoto, midomo ikitembea. Kwenye la mwisho kidole kilikaa hewani, hakishuki.

Blažena alifuta mikono yake kwenye aproni, akatoa vikombe viwili, akaenda kufungua mlango kabla haujabishwa.