Ua la Boga Halingoji Adhuhuri

"Ni huyu!" Mjomba Cleveland alisema, kidevu chake kikimwelekea Novelette. Kidole hakuthubutu kukinyoosha, maana walikuwa wamesimama katikati ya maboga, na kijiji kizima cha Southfield kinajua kwamba boga changa ukilinyooshea kidole umeliua. "Ni huyu huyu! Kapita humu akiwa mwezini."

Jamani, aliyasema hayo mbele ya wanaume! Burrell na Lindo, vibarua wake, waliinamia nyasi zilizotandazwa juu ya udongo mwekundu wakajifanya wanatafuta kitu. Miguuni mwao viboga vidogo, vingine havijafika hata ukubwa wa yai la kuku, vilikuwa vimegeuka manjano na kulegea. Ukikigusa kimoja kinakubakia mkononi.

Novelette alikuwa binti wa miaka kumi na sita. Aibu ilimpanda kweli, lakini hasira ikaiwahi njiani.

"Nani kakuambia habari za siku zangu, Mjomba?"

"Kamba ya kuanikia nguo. Nina macho mimi."

"Basi ungeyatumia kutazama maua."

"Weee! Koma! Kuanzia leo lango hili usilivuke. Utavuka ukishakuwa bibi kizee."

Sasa hapo ndipo palipomchoma. Mistari miwili ya maboga karibu na uzio ilikuwa yake, aliyopewa na Bibi Icilda, mama yake Cleveland na mwenye shamba lile, kwa ajili ya somo la kilimo shuleni. Mwisho wa muhula mwalimu wao, Bi Thorpe, angekuja kuyaona maboga yakiwa bado kwenye mmea. Asipoyakuta, alama za vitendo hakuna, na bila alama hizo Novelette somo la kilimo kalikosa. Ukoo ulikwisha kukata shauri: akikosa, anakwenda mjini Mandeville kuuza vitambaa dukani kwa shangazi. Vitambaa! Msichana ambaye tangu utotoni alikuwa akila huku kucha zimejaa udongo.

Jioni ile alimkuta Bibi jikoni akimenya kiazi kikuu. Akakaa chini, akamuuliza bila kuzunguka.

"Bibi, na wewe ulikuwa huingii shambani siku zako?"

"Siingii. Shamba nimelilima kwa mikono yangu, lakini siku hizo nasimama nje ya uzio kama mgeni. Ndiyo mila, mjukuu wangu."

"Na maboga yalikuwa hayadondoki?"

Kisu cha Bibi kilisimama. "Yalidondoka."

"Ulipokuwa na mimba ya Mjomba je? Miezi yote ile hukuona siku zako."

"Yalidondoka vilevile," Bibi akasema polepole, kama mtu anayelisikia neno lake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kisha akakasirika. "Usinichokoze, nina kazi."

Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Cleveland alikanyaga shamba lile kila siku alfajiri, bomba la dawa mgongoni, akipulizia viwavi mpaka majani yanachuruzika, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye alikuwa katika siku gani.

Lakini Novelette alikuwa amesikiliza darasani, na alichosikia alikwenda kukitazama kwa macho yake. Mmea wa boga una maua ya aina mbili. Lile la dume limesimama juu ya kikonyo chembamba, ndani lina kijiti chenye unga wa manjano, ndiyo chavua. Lile la jike limekalia kiboga kidogo tangu kabla halijachanua, na hapo ndipo watu wetu wanapokosea. Wanakiona kile kiboga, wanadhani mtoto keshazaliwa. Kumbe bado! Kinangoja chavua itoke kwenye dume ifike kwenye jike, na anayeibeba ni nyuki. Ua hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limejikunja, halifunguki tena. Asubuhi hiyo nyuki asipofika, kiboga kinanyauka na kudondoka, awe mwanamke kapita au hakupita. Na nyuki atafikaje, ikiwa saa ile ile anayotoka ndiyo saa ya bomba la Cleveland?

Alimweleza mjomba wake hayo yote. Mjomba akacheka mpaka akashika mbavu.

"Maboga yana mume na mke! Na harusi wanafanyia wapi, kanisani?"

Novelette akaenda zake. Hakuwa ameshindwa, alikuwa anangoja. Akangoja mwezi uliofuata, siku zake zikaingia, na asubuhi ya pili yake, jua ndiyo kwanza linachomoza, akalisukuma lango kwa mkono mmoja mpaka likagonga nguzo.

"Kaka Burrell! Kaka Lindo! Mjomba! Mimi hapa, na leo niko mwezini. Msije mkasema hamkuambiwa."

Lindo akajifanya anakohoa. Mjomba Cleveland akaja mbio, bomba linamgonga mgongoni.

"Toka!"

"Sitoki."

"Nitakupulizia wewe!"

"Nipulizie. Halafu ukamweleze Bibi mimi ni kiwavi wa aina gani."

Burrell alishindwa kujizuia, kicheko kikamponyoka. Mjomba akamkata jicho, lakini mpini wa bomba akauachia.

"Sikiliza, Mjomba," Novelette akasema. "Mistari yangu miwili niachie, usiipulizie alfajiri. Nitaingia kila siku, niwe mwezini nisiwe mwezini. Hilo shamba lako lote lililobaki mwanamke asilikanyage, pulizia utakavyo. Yangu yakidondoka, nguo zangu nafunga mwenyewe, naenda Mandeville. Yakishika, utasema mbele ya hawa hawa kwamba ulinisingizia."

Vibarua walikuwa wamenyanyua macho sasa. Angekataa vipi?

"Haya," akasema Mjomba, anacheka upande mmoja wa mdomo. "Shangazi yako nitampelekea salamu mapema."

Novelette akachuma ua dume, akalimenya majani yake ya manjano likabaki kijiti kitupu, akakipakaza ndani ya ua jike taratibu. Kila ua alilolimaliza akalifunga uzi wa alama. Akaenda la pili, la tatu, mpaka mgongo ukamuuma. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, na watu barabarani wakawa wanasimama kumtazama binti asiye na haya.

Basi maboga yakashika. Viboga vyenye uzi vilikaza, vikawa vya kijani kibichi, vikafura mpaka vikasukuma nyasi pembeni. Ng'ambo, kwenye mistari ambayo mwanamke hakuikanyaga, Lindo alikuwa anazoa yaliyodondoka kwa ndoo.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mjomba kwanza alisema ni uchawi. Novelette akamjibu, "Basi uchawi wenyewe unafundishwa shuleni Jumanne baada ya hesabu." Halafu akasema ni udongo wa uzioni. Bibi Icilda akamwambia udongo ule ndio mbaya kuliko wote, ndiyo maana alimpa mtoto. Mjomba akawa anakula bila kuinua uso.

Asubuhi moja akaja langoni bila bomba. Maua yalikuwa yamefunguka shamba zima.

"Novelette. Njoo uniwekee chavua na haya yangu."

Novelette akakaa juu ya jiwe, akakunja mikono. "Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Mimi ni mjomba wako!"

"Ndiyo, Mjomba. Nangoja."

Jua likapanda. Burrell na Lindo wakaegemea majembe yao, na hakuna aliyejifanya anatafuta kitu. Ua la kwanza likaanza kulegea ukingoni. La pili likajikunja. Moyo ulimuuma Novelette kuyaona, maana hakuna aliyeyapenda maboga yale kumshinda yeye, lakini hakuinuka. Mjomba aliyatazama maua, akamtazama binti, akayatazama tena maua. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Nilikusingizia," akanong'ona.

"Kaka Lindo hajasikia."

"Nilikusingizia!" Mjomba akafoka, na sauti yake ikafika barabarani. "Si wewe! Haikuwa wewe. Dawa yangu ndiyo iliyowaua nyuki. Haya, umeridhika?"

Novelette akainuka, akajikung'uta sketi.

"Dawa utapulizia jioni, maua yakishafunga. Na haya hatuyawekei sisi peke yetu, hatutawahi. Naenda kuwaita wasichana wa darasa langu, wote."

Mjomba alikuwa bado amesimama katikati ya lango. Akashusha sauti, karibu anaomba. "Lakini walau waulize kwanza, mwanangu. Yule aliye kwenye siku zake angebaki nje."

"Sitamuuliza hata mmoja. Tupishe, Mjomba, jua linapanda."

Mjomba akaweka mkono juu ya nguzo. Kisha akasogea kando.