Picha Yenye Mhuri

Basi lilikuwa limeshaiacha Uyole nyuma, na Apolonia ameshachomeka waya wa simu sikioni, abiria wa jirani alipomuuliza anasikiliza mahubiri ya nani. Akamjibu kwamba anasikiliza tovuti ya chuo. Abiria akageukia dirisha.

Apolonia haoni tangu ana miaka tisa. Kazi yake ya zamani ilikuwa kupokea simu katika hospitali moja ya misheni mjini Mbeya, na madaktari wote aliwajua hata kwa kikohozi. Kisha kila mtu akawa na simu yake mfukoni, ile mashine ya kupokelea ikafungiwa stoo, na yeye akarudi kwa kaka yake Mbalizi. Huko ndiko alikotafutwa na Foram, binti wa Iringa anayekagua tovuti za hospitali na vyuo. Masharti yalikuwa yametoka serikalini kwamba tovuti ya huduma itumike na asiyeona, asiyesikia, hata asiyeweza kushika kipanya cha kompyuta, na Foram alitaka mtu asiyeona kweli, siyo mtu wa kufumba macho kwa majaribio. Wakaanza na hospitali ile ile. Siku za kliniki zilikuwa zimepangwa kwa rangi tupu, kijani ipo, nyekundu haipo. Zikaandikwa kwa maneno, yakaisha.

Chuo cha Iringa kilikuwa jambo jingine, maana Apolonia mwenyewe alikuwa ameomba kusoma huko ushauri nasaha. Mwaka uliotangulia aliitwa kwenye usaili, siku ikabadilishwa kwa tangazo la mtandaoni, na tangazo lenyewe lilikuwa picha. Simu yake inasoma maandishi, picha haisomi. Wifi yake ndiye aliyekuwa akimsomea, na wiki ile wifi alikuwa shambani anachimba viazi. Aliporudi, usaili ulishapita. Sasa alikuwa ameomba tena, na alishaapa kwamba safari hii hasomewi na mtu.

Foram alimpokea stendi ya Iringa siku hiyo ya Jumatano. Wakiwa njiani akamwambia majina ya waliochaguliwa yametoka jana.

"Nikusomee, dada?"

"Hata wewe usinisomee. Yakijisoma yenyewe nitasikia."

Chuoni walipokelewa na Jofrey, fundi wa tovuti, kijana mwenye kujiamini ambaye kwa wiki tatu hakwenda hata mpirani kwa sababu ya kazi hii. Apolonia akaketi, akaanza kupita ukurasa kwa ukurasa. Vitufe vyote vina majina. Fomu ya maombi inajazika bila kipanya. Video zina maandishi chini, Foram akathibitisha. Jofrey akaanza kupiga mluzi. Kisha wakafika kwenye matangazo.

"Picha yenye mhuri," simu ikasema. Apolonia akateremka. "Picha yenye mhuri." Akateremka tena. Matangazo yalikuwa arobaini na moja, na simu iliyataja yote hivyo hivyo, kwa sauti ile ile isiyochoka. Foram alicheka kidogo, akaacha.

"Jofrey kaka yangu," Apolonia akauliza, "hiyo mihuri inasemaje?"

Jofrey akaeleza kwamba masharti yanataka kila picha iwe na maelezo. Naye alitazama kila picha, akaona barua na mhuri, akaandika alichokiona. Hakuwa anatania.

Msajili wa chuo, Mzee Amos, aliingia wakati huo, akaeleza yaliyobaki. Miaka miwili nyuma mtu asiyejulikana alisambaza tangazo la kuchapwa tu kwamba chuo kimefungwa. Wanafunzi wa Makete na Ludewa wakarudi makwao, wengine wakakosa mtihani. Tangu hapo neno la chuo halitoki mpaka lichapwe, litiwe sahihi, ligongwe mhuri, ndipo lipigwe picha na kupandishwa. Mhuri wenyewe ulichongwa Mlandege, dukani kwa Mzee Girish, baba yake Foram. Foram akajishughulisha na karatasi zake.

Msajili hakuwa mtu mbaya. Aliagiza chai na maandazi, akasema wakaguzi wa serikali wanakuja Ijumaa, na tovuti ikikataliwa masomo ya mtandaoni yatachelewa kuanza. Akamwomba Apolonia atie sahihi kwamba imepita, hayo ya matangazo yatafuata. Kisha akasema kwa upole:

"Jina lako nimeliona kwenye orodha, mama. Hongera. Ngoja nikusomee tangazo lote."

Hilo ndilo Apolonia alilolingoja tangu mwaka uliotangulia. Akavikumbuka viazi vya wifi yake.

"Asante, mzee, lakini usinisomee. Wenzangu walioomba wakiwa kwao, wao wanasomewa na nani?"

Msajili akakoroga chai. Foram akapendekeza maneno yaandikwe juu na picha ya mhuri ibaki chini yake. Msajili akauliza nani atathibitisha kwamba maneno na picha ni kitu kimoja.

"Aliyeyaandika aweke jina lake," Apolonia akasema. Kwenye fomu ya ukaguzi akaandikisha kwamba matangazo hayasomeki na tovuti haijapita. Foram akamwekea kidole kwenye mstari, naye Apolonia akatia sahihi.

Ijumaa wakaguzi waliikataa tovuti, wakatoa miezi mitatu irekebishwe. Jofrey akaanza kuyachapa matangazo moja moja, na jina lake chini ya kila moja. Jumamosi akafika kwenye lile la waliochaguliwa. Aya ya mwisho ilitaka kila aliyechaguliwa athibitishe nafasi yake kabla ya Alhamisi ile iliyopita, saa sita mchana. Akampigia Apolonia. Nafasi ilishapewa mtu mwingine.

Tovuti ilipita mara ya pili. Mzee Amos alistaafu, analima parachichi Kilolo. Jofrey bado yuko chuoni. Wazazi humpigia kuuliza kama tangazo ni la kweli, naye huwajibu kwamba ni la kweli. Mzee Girish anachonga mihuri kama zamani. Foram amepata hospitali nyingine mbili, na Apolonia ndiye anayezipima.

Apolonia aliomba mara ya tatu. Orodha ilipotoka alikuwa amekaa nje, Mbalizi, wifi yake kando anamenya viazi. Simu ilisoma tangazo lote bila kukwama, majina mia moja na kumi na mawili, pamoja na siku ya kuthibitisha. Aliyasikiliza mara mbili. La kwake halikuwemo.