Salamu Zisizo na Lawama

Vumbi la ngozi na soli linainuka kila Mwalimu anapofagia, linaelea kwenye mwanga wa mlangoni, kisha linashuka palepale lilipokuwa. Anafagia tena. Duka la viatu la baba yake limefungwa wiki ya sita sasa, hakuna wa kulichafua, lakini mikono haikubali kukaa bure. Leo ni Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku ya simu. Huko mpakani alikopelekwa mdogo wake, askari wanarudishiwa simu zao Jumamosi tu, kuanzia mchana hadi jua kuzama, na mtandao wenyewe unabeba maandishi, sauti haupitishi. Basi mwaka mzima watu wamekuwa wakimiminika dukani, kila mmoja na lake. Mwambie tuko naye, anasema kinyozi. Mwambie soksi ziko njiani, pea nne, anasema muuza mboga, na asigawe hata moja, namjua alivyo mkono wazi. Mwambie timu yake imefungwa, asiulize mangapi. Mwambie, mwambie, mwambie. Na Mwalimu anaandika mpaka kidole gumba kinakufa ganzi.

Lakini fundi viatu mwenyewe, baba yao, yule ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Lawama, hakuwahi kutuma salamu maishani mwake. Alikuwa akishona huku akifoka, uzi mdomoni.

"Mwambie hizo buti walizompa ni takataka. Soli imebandikwa kwa gundi, haikushonwa! Mwambie nani kamruhusu kunyoa kipara na kichwa kile chenye mabonde? Mwambie kaniachia bomba la uani linavuja. Au alidhani vita vitanitengenezea bomba?"

Jibu lilikuja mbio. "Mwambie mzee bomba ni lake, na mabonde nimeyarithi kwake." Hapo mzee alicheka mpaka uzi ukamtoka. "Unaona? Hana adabu hata kidogo," akasema, na neno hilo likamlisha wiki nzima.

Haya. Wiki sita zilizopita kiharusi kilimwangusha pale pale kwenye kiti chake cha kazi. Upande wa kulia umelala. Ulimi umelala. Masikio yanasikia na akili iko timamu, na hilo ndilo linalouma zaidi. Daktari hakuzunguka: anaweza kuishi, anaweza asiishi, kiharusi cha pili hakipigi hodi. Na askari hana likizo mpaka miezi mitatu ipite, labda aombe ruhusa ya mgonjwa. Ruhusa huombwa na mwenye habari.

Mama aliweka sheria siku ile ile. "Asiambiwe. Mtu aliyeshika bunduki hapewi habari ya kumtetemesha mkono. Akiyumba huko nitawazika wawili." Mtaa ukakubali. Kinyozi peke yake alinung'unika, mficha maradhi kilio humfichua, lakini naye akafunga mdomo.

Ndipo Mwalimu akaanza kuandika kwa niaba ya baba. Na hapo, jamani, ualimu ulimponza. Mtu aliyesahihisha insha miaka kumi na miwili atajulia wapi kufoka? "Mwanangu mpendwa, natumaini hujambo. Ninajivunia ujasiri wako. Uwe na moyo mkunjufu." Koma zote mahali pake. Mzee Lawama, mkunjufu! Wiki tano alizituma salamu hizo, na wiki tano majibu yakaja mafupi, kisha mafupi zaidi. Asante baba. Asante. Sawa.

Leo, saa nane mchana, simu inatetemeka juu ya meza ya kazi.

"Dada. Baba ana nini?"

Anasimama. Anakaa. Anashika ufagio, anauacha. Anatoka barazani, anarudi ndani, anatoka tena. Ng'ambo ya barabara kinyozi anachungulia, wembe hewani, mteja kabaki na ndevu upande mmoja.

"Vipi?"

"Ameuliza."

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza, nakwambia!"

Nyumbani si mbali, lakini anakwenda kama anayefukuzwa. Mama yuko uani anafua shuka za mgonjwa. Anasomewa ujumbe, hainui kichwa.

"Mwambie ni mafua."

"Mama, baba angekuwa na mafua angelalamika kurasa mbili."

"Basi mlalamishe! Si wewe mwenye maneno?"

Basi anaandika: "Bomba bado linavuja, mjinga wewe." Anatuma. Anaukwaruza ukuta kwa ukucha. Hata dakika mbili hazipiti.

"Bomba alilitengeneza mwezi wa tatu, mwenyewe, na akanitukana wiki mbili ili nijue. Dada usinidanganye. Kama amekufa sema amekufa."

Loo! Njia ya mwongo fupi. Anaegemea ukuta, na kwa muda anamchukia kila mtu: mdogo wake kwa kuuliza, mama kwa kukataza, na yeye mwenyewe kwa ule moyo mkunjufu. Halafu chuki inaisha, inabaki hofu. Akisema, mkono wa kijana utatetemeka. Asiposema, kijana ameshazika mtu aliye hai. Na jua limeshavuka paa.

Anaingia chumbani. Baba amelazwa karibu na dirisha. Anamsomea yote, hafichi kitu, kuanzia salamu za kwanza. Kwenye "mwanangu mpendwa", nusu ya uso inayotii inakunja pua. Kwenye "kama amekufa", mkono wa kushoto unaanza kugonga ukingo wa kitanda. Mara moja. Mara mbili. Hauachi.

"Nimwambie?"

Mkono unatulia, umepata ulichokuwa ukikidai.

"Baba, na akipatwa na jambo kwa sababu yangu?"

Mzee anamtazama. Machozi yanamtoka jicho moja, yanaingia sikioni, naye Mwalimu anayafuta kwa kona ya shuka. Kisha anaketi kitandani na kuandika, haraka, kabla hajajionea huruma. "Hajafa. Kiharusi, wiki sita. Upande wa kulia haufanyi kazi. Haongei, anasikia. Tulikuficha. Zile salamu nilitunga mimi."

Anatuma. Anakwenda uani kumwambia mama, kwa kuwa hilo nalo halina pa kujificha.

Mama hafoki. Afadhali angefoka. Anakamua shuka mpaka tone la mwisho, anaikamua tena ikiwa kavu. "Ukiniulia mtoto," anasema, na hamalizii.

Wanangoja. Kinyozi amekuja, muuza mboga amekuja, wamesimama uani hawajui mikono waiweke wapi. Leo hakuna anayesema mwambie. Mwanga unashuka ukutani tofali baada ya tofali, na Mwalimu anazunguka ua, mara kumi, mara ishirini, mpaka kinyozi anamwomba akae, naye hakai.

Simu inatetemeka. Anasoma kwa sauti, karibu na dirisha, ili na baba asikie.

"Nimekaa nyuma ya lori nimelia, sasa nimemaliza. Wiki tano nimekuwa nikienda doria huku namzika kichwani, kila siku kwa ugonjwa mwingine. Sasa naujua ni upi, na najua anapumua. Nimeomba ruhusa, mkuu amesema kesho atanijibu. Na mimi nimewadanganya. Hatuko salama huku. Jumanne tulizika wenzetu wawili, mmoja alilala kitanda cha pili kutoka changu. Sikuandika kwa sababu nilidhani mama hatasimama. Naogopa, dada. Naogopa kila siku. Msinitumie tena salamu za mtu asiyekuwepo."

Mama anaweka shuka kwenye beseni. Mwaka mzima amekuwa na neno moja tu la kumpelekea mwanawe, sisi wazima, hakuna neno, na amelisema hata siku alizokuwa hajala. Anafuta mikono kwenye nguo yake.

"Andika."

"Niandike nini, mama?"

"Andika mama yako anaogopa. Nikipika naogopa, nikifua naogopa, pikipiki ikisimama mlangoni naogopa. Na baba yako naogopa kumwacha hata nikienda dukani. Andika hivyo hivyo, usiguse neno."

Mwalimu anaandika. Anatuma. Nje ya ukuta jua limebaki ukingo tu.

"Imefika?"

"Imeondoka, mama."

"Sikuulizi kuondoka. Imefika?"

Wote wanainamia kioo cha simu, vichwa vinagongana. Wanasubiri.

"Imefika. Ameisoma."

Mama anakaa chini, palepale kwenye maji ya sabuni, analia kwa sauti, na hakuna anayemwambia anyamaze.