Sepetu ya Bura

Vicent alikuwa mtoto pekee wa kiume wa mzee Bura wa Getanuwas. Jirani yao Herman alimpiga fimbo ya kichwa mpaka akafa, eti ng'ombe wameingia kwenye mahindi yake. Mahindi tu, jamani! Wazee wa koo zote mbili wakasema yaishe nyumbani, polisi wasiitwe. Basi Herman naye akaja kuzika, uso mkavu kabisa.

Kaburi lilikuwa limejazwa nusu. Bura alikuwa anasukuma udongo kwa sepetu Herman alipomsogelea.

"Shikamoo mzee. Pole sana. Ni mpango wa Mungu."

Kwenye kila msiba husemwa hivyo. Katekista Bonaventura alishasema hivyo asubuhi, Bura akaitikia tu. Lakini yatoke kwenye mdomo huu? Alimtandika sepetu ya shavu, meno yakaruka, Herman akaporomokea kaburini. Bura akamrukia humo humo, akampiga tena. Mfupa wa mkono wa Herman ulilia ka, hadi akina mama wakasikia.

"Usiniue, mzee!"

"Nani anakuua? Si mpango wa Mungu?"

"Siyo Mungu! Ni wewe! Sepetu umeshika wewe!"

"Na ile fimbo alishika nani?"

Herman alitema damu, akaanza kulia. "Mimi. Ya kwanza ilikuwa hasira. Akaanguka, akaniomba nimwache. Ya pili nilitaka mwenyewe."

Loo! Bura aliinua sepetu, makali yake yakielekea shingoni mwa Herman. Alitaka kuua. Alitamani sana mtu amkamate, au mbingu ziseme kitu. Watu walisimama tu. Mkono ulikuwa wake peke yake, na ulimuuma.

Akaushusha.

"Toka juu ya mwanangu. Hayo uliyosema utayasema kituo cha polisi Katesh, leo hii."

Mzee mmoja akafungua mdomo kukumbusha kwamba yaishe nyumbani. Bura akamwelekezea sepetu, mdomo ukafungwa. Vijana wakamvuta Herman kutoka kaburini, wakaondoka naye. Bura naye akapanda juu.

Bonaventura akamshika bega. "Tumshukuru Mungu, Bura. Ameuzuia mkono wako."

"Hapana, katekista," Bura alisema huku machozi yakimtoka. "Vicent mmeshasema Mungu kachukua. Hili nimefanya mimi. Usinipokonye na hili."

Akarudi kufukia. Bado alikuwa anatamani kuua.