Lenzi Iliyotumika

Lenzi ya Mwishehe, mpiga picha wa Bagamoyo, ilitumbukia kwenye ndoo ya sharubati harusini Kaole, na ikawa ndiyo basi. Akaenda Kariakoo kutafuta nyingine. Alipotajiwa bei, alikaa kitini bila kukaribishwa.

"Ushuru, bwana," muuzaji akamwambia. "Kila mlango inaopita inavishwa koti. Ikifika hapa imevaa makoti mpaka haitambuliki. Na hii ndiyo ya mwisho, wenzangu wameacha kuagiza."

Mwisho wa mwezi kulikuwa na harusi ya Zuhura, kule Zinga. Mama yake, Bi Ummy, alishasema: bila kamera ya maana, kazi anapewa mshindani wake, Mikdad, anayepiga picha kwa simu. Na nyumba ile ina mabinti wengine wanasubiri zamu.

Mwishehe akampigia shangazi yake, Bi Biubwa, aliyekuwa Maskati kwa mwanawe.

"Ninunulie huko, shangazi. Ukiulizwa uwanja wa ndege, sema imetumika. Kitu kilichotumika hawakisumbui sana."

"Nimetoka Umra juzi, unataka nidanganye?"

"Si kudanganya, ni kusema tu."

"Haya. Niachie mimi."

Akarudi siku mbili kabla ya harusi, uso umekunjuka. "Hawakunitoza hata senti!" Akafungua kitambaa, harufu ya iliki ikajaa sebule nzima. Kioo cha mbele kilikuwa kizima, ila chuma cha nyuma kimebonyea kama kifuniko cha soda.

"Shangazi! Umeifanya nini?"

"Nimeitumia. Nimetwangia iliki tangu siku niliyoinunua. Kioo sikukigusa, mimi si mjinga. Nilipoulizwa nikaapa kifua mbele. Yule kijana akainusa, akapiga chafya, akasema pita mama."

Lenzi ikakataa kushika kwenye kamera. Mwishehe akaifunga kwa kipande cha kanga, akaenda nayo Zinga hivyo hivyo, roho mkononi.

Zuhura alikuwa amekaa jukwaani kama anavyotakiwa bi harusi, macho chini, midomo imefungwa. Mama yake alishamwonya kwamba anayeonyesha meno ataonekana alikuwa na haraka ya kuolewa. Kuvuta picha karibu kwa lenzi ile kusingewezekana, kwa hiyo Mwishehe akasogea yeye mwenyewe, na iliki yake.

"Chai hiyo imefika," akasema bibi mmoja wa mstari wa mbele.

"Vikombe viko wapi?" akadakia mwenzake, mkono ameshaunyoosha.

Zuhura akacheka, meno yote nje. Mwishehe akabonyeza.

"Futa hiyo!" akafoka Bi Ummy.

"Mama, ikifutwa nashuka jukwaani. Hiyo ndiyo ya ukutani."

Bi Ummy akaitazama, akaitazama tena, mdomo ukaanza kumsaliti. "Wadogo zake nao utawapiga picha wewe," akamwambia Mwishehe. "Ila siku hizo uje na vikombe."

Mikdad aliyasikia hayo yote. Mpole kama mgonjwa, akamfuata Bi Biubwa, aliyekuwa mkekani akiwasimulia wenzake safari ya lenzi. "Shikamoo shangazi. Ukirudi Maskati, na mimi niletee."

"Marahaba. Nitakuletea, mwanangu." Akampima kwa macho kichwa mpaka miguu. "Ila yako itakuwa ya kitunguu saumu."