Maktaba Mbili za Kaka Zangu

Kaka zangu wawili wana vichwa vigumu, na mimi kitinda mimba nimechoka kuwatetea kwa watu. Miaka minane waliandika pamoja maktaba ya programu huria, yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia kufungua sauti na video za kila aina, watu wa nchi nyingi wakaitumia bure. Kisha kaka mdogo akaingiza mabadiliko bila kumuuliza mkubwa. Mkubwa akamfungia nje ya mradi, na mdogo akanakili kazi yote, akaanzisha ya kwake. Sasa kuna maktaba mbili zenye jina lilelile, kwa sababu hakuna aliyekubali kuliacha. Ukiweka moja kwenye kompyuta, inaifuta nyingine. Wanaishi nyumba moja, vyumba vinatazamana, na wanagombana kwa barua pepe zinazosomwa na kila mtu mtandaoni!

Haya yote nisingeyajali. Lakini shangazi, aliyetulea sote watatu, alifanyiwa upasuaji wa koo na sauti ikaondoka. Alikuwa amesoma taarifa ya habari redioni kwa miaka ishirini na sita. Mtaalamu wa hospitali alisema anaweza kumtengenezea sauti yake mwenyewe ndani ya kishikwambi: shangazi anaandika, chenyewe kinasema. Mtaalamu huyo alihitaji rekodi safi zenye urefu wa saa kumi, kabla ya Ijumaa, maana baada ya hapo anasafiri na harudi mpaka mwakani.

Rekodi tulikuwa nazo, mafaili ya mtambo wa kale wa redio. Maktaba ya mkubwa iliyafungua, ila kila baada ya sekunde chache sauti ilikwaruza. Ya mdogo ilikuwa na dawa ya mkwaruzo huo, lakini mafaili ya kale haikuyafungua kabisa, kwani mwenyewe aliyaita takataka akaondoa sehemu ya kuyafungua. Nichague sauti iliyokwaruzika au kimya.

Nilianza kwa mkubwa.

"Kaka, chukua marekebisho ya mdogo wako. Ni mistari kumi na tisa tu."

"Sipokei kitu chake. Alete mwenyewe, kwa utaratibu."

"Utaratibu gani, na wewe ndiye uliyemfungia?"

"Aombe radhi kwanza."

Nikavuka ukumbi. Mdogo hata hakuvua hedifoni, alisogeza upande mmoja tu.

"Nirudishe takataka? Watu watanicheka. Mwambie shangazi atumie sauti za mashine, siku hizi zipo nzuri."

Damu ilinichemka. "Sauti iliyokuwa ikikuamsha uende shule, leo unaona sawa na ya mashine?"

"Usinipigie kelele, mdogo wangu. Nina kazi."

Nilibamiza mlango. Shangazi alikuwa jikoni, kasikia yote. Alinitazama, akashika shingo, akaendelea kumenya viazi.

Nikachagua ya mkubwa, maana angalau ilifungua, na kwa siku mbili nikawa napachika mistari ya mdogo kwa mkono, mmoja mmoja. Mimi ni fundi wa sauti, programu siandiki. Iligoma, nikaitukana, nikawatukana na wao. Alhamisi alasiri shangazi wa miaka ile akasoma habari za mvua bila mkwaruzo hata mmoja. Nililia, na hasira ilikuwa nyingi kuliko furaha. Jioni ileile nikampelekea mtaalamu saa zote kumi, naye akaitia sauti kwenye kishikwambi.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, tukakaa mezani, kishikwambi mbele ya shangazi. Asubuhi hiyo kila kaka alikuwa ameutangazia ulimwengu kwamba maktaba yake ndiyo imemrudishia mgonjwa sauti. Mimi hawakunitaja, na wala haikuniuma. Kilichoniuma ni kuwaona wamekaa pale wanatabasamu, kila mmoja akisubiri kushukuriwa.

Shangazi hakumshukuru mtu. Alinionyesha kwa kidole nimfungulie barua walizoandikiana hadharani, akanakili alizozitaka, akabonyeza. Sauti ya taarifa ya habari ikaanza kusoma, tulivu, kila neno limekaa mahali pake.

"'Kazi yake imeoza, na anayeitumia ni mjinga.' Ameandika mdogo, mwezi wa tatu. 'Huyu hana adabu hata chembe. Inaonekana hakuwa na mtu wa kumlea.' Ameandika mkubwa, mwezi wa nne."

Tabasamu zikafa. Kaka mkubwa aliinua mkono.

"Shangazi, basi. Zima, nakuomba."

Shangazi akaongeza sauti, akabonyeza tena ule mstari wa mtu wa kumlea.