Kuvuta Neno la Sikio, Pua na Koo

Neno aliloandikiwa Huguette lilijaza ubao mzima wa salle, ukumbi wa parokia: otorhinolaryngology. Jamani, Waingereza nao! Ilibidi alikate vipande, aeleze kila kipande, kisha alitamke zima bila kukwama. Mshindi wa shindano hilo la Kiingereza angevuka ziwa kwenda Kigoma kusomea kazi ya maabara, na nafasi ilikuwa moja tu. Serge, mpinzani wake wa mwisho, alishamaliza neno lake, amekwama mara moja. Huguette asipokwama kabisa, Kigoma ni yake.

Kukata alijua. Shida ilikuwa kuvuta. Kwao Zongwe, kijiji cha wavuvi, wavu hauvutwi kimya: mmoja anaita, wengine wanaitika "Vuta!" Na maneno marefu yote alijifunza hivyohivyo, yeye akiita, mamake Alphonsine akiitika huku akigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, wakauke kwenye mchanga.

"Oto, sikio!" akaanza.

"Vuta!" ikatoka benchi ya nyuma. Mama Alphonsine! Akaziba mdomo, lakini maji yalishamwagika.

"Raino, pua!"

"Vutaaa!" Safari hii walikuwa mashangazi wote wa Zongwe.

Watu walicheka mpaka Papa Lambert, mwalimu wa Kiingereza na mwamuzi wa siku hiyo, akagonga meza. "Kimya! Mwenye kusaidiwa anatoka!"

"Amesaidiwa, Papa!" Serge akaruka.

"Anarudilia mara moja, peke yake," mwamuzi akakata shauri. "Na ninyi wote, mukono ku kinywa!"

Salle nzima ikaziba midomo. Papa Lambert naye akaziba wake, awe mfano.

"Oto, sikio..." Kimya. Huguette alihofu kweli. Neno lilikuwa zito na hakuna wa kuvuta naye. Basi akapiga mguu chini, di! Akajiitikia mwenyewe. "Raino, pua!" Di! "Laringo, koo!" Di! "Loji, elimu!" Mabenchi yalitikisika kwa vicheko vilivyobanwa. Akajaza kifua, akalitoa zima kwa pumzi moja: "Otorainolaringoloji!"

"Vuta!"

Vichwa vyote vikageuka. Mkono wa Papa Lambert ulikuwa mezani, mdomo wazi.

"Hata juge, mwamuzi mwenyewe!" akalia Serge, naye mbavu hana.

"Nimeitika wakati alishamaliza," akasema Papa Lambert, akifuta jasho. "Na mimi pia baba yangu alikuwa muvuvi, munataka nifanye nini? Huguette, mutoto wangu, funga mizigo."

Mama Alphonsine hakuondoa mkono mdomoni. Alicheka na kulia ndani ya kiganja chake, maana hapo ndipo alipokumbuka kwamba Kigoma ni ng'ambo, na kesho ndagala atazigeuza peke yake.